Lakshmi Kauntani, Amba Uani

Wengi wetu tuliokulia Musoma, Bunda au Mwanza tumeiona picha hii kabla hatujajua kusoma. Mama aliyevaa sari nyekundu ameketi juu ya yungiyungi lililochanua. Ana mikono minne. Ya juu miwili imeshika maua, na kutoka kwenye kiganja kimoja cha chini sarafu za dhahabu zinaporomoka mfululizo. Kando yake kuna tembo, na chini kabisa zimepangwa tarehe za mwezi na jina la muuza vitambaa au la kiwanda cha sabuni. Kalenda hiyo hutundikwa juu ya droo ya pesa, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa: ukinyoosha mkono kumpa mwenye duka noti yako, macho yako yanakutana na ya huyo mama. Pembeni kijiti cha udi kinaungua polepole, na majivu yake yanaangukia kisahani cha bati.

Huyo ni Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema katika dini ya Kihindu. Ukimuuliza mtu wa mtaa wa Kitaji, Musoma, kama anamfahamu mungu yeyote wa Kihindu, atakujibu hapana kwa dhati kabisa, ilhali amesimama mbele yake mara nyingi akisubiri chenji. Ninachotaka kukichambua hapa ni uwepo huo wa kike wa Kihindu katika Kanda ya Ziwa na Afrika Mashariki kwa jumla: katika hadithi, katika ngoma na katika majengo ya zamani. Hoja yangu ni kwamba tumemwona kwa upande mmoja tu, upande wa kaunta. Sehemu yake kubwa zaidi ilikuwa nyuma ya nyumba, na jengo lenyewe la duka ndilo lililotuzuia tusiione.

Tuanze na alikotoka. Wahindu walio wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, magharibi mwa India, pamoja na eneo la Kutch lililo kaskazini-magharibi mwake. Huko mungu wa kike haitwi kwa jina moja. Kuna Amba, anayepanda simba au chui milia. Kuna Ashapura, mlinzi wa watawala wa Kutch, ambaye hekalu lake liko Mata no Madh. Kuna Bahuchara anayekaa juu ya jogoo. Kuna Khodiyar anayepanda mamba, na huyu angeeleweka upesi na watu wa ziwani: hadithi yake inasema alikuwa mmoja wa mabinti saba wa mwimba-sifa, na kaka yao alipoumwa na nyoka yeye ndiye aliyeshuka kuzimu kutafuta dawa ya uhai kabla jua halijachomoza. Njiani akaumia mguu, na mamba akambeba kumrudisha. Wote hawa watu huwaita Mama, na ukimbana muumini akuambie ni wangapi, wengi watakujibu ni mmoja.

Wa pwani ya Gujarat ana sura nyingine tena. Karibu na Porbandar, kwenye kilima kinachotazama bahari, kuna hekalu la Harsiddhi. Wasimulizi husema kwamba zamani jicho la mungu huyo lilikuwa likiangukia vyombo baharini, na chombo alichokitazama kilizama. Tajiri mmoja wa meli, Jagdu Shah, akapoteza majahazi yake yote. Akapanda kilimani, akafunga kula, akamsihi mama ateremke akae chini ambako macho yake hayataifikia bahari. Mama akakubali kwa sharti la damu: mnyama mmoja kwa kila ngazi ya kushukia. Wanyama wakaisha ngazi zikiwa hazijaisha. Jagdu akajitoa yeye na watu wake, na mama, baada ya kuona nia yake, akawarudishia uhai wote. Jagdu hakubuniwa na wasimulizi. Anakumbukwa katika maandishi kama mfanyabiashara wa karne ya 13 kutoka Bhadreshwar, Kutch, naye alikuwa Mjaini. Ndiyo maana naipenda hadithi hii: inamweka mfanyabiashara wa bahari, wa dini jirani, mbele ya mungu wa kike ambaye hana budi kukubaliana naye kabla hajatweka tanga. Watu waliokuja Unguja walikuwa watoto wa pwani hiyo.

Walifika mapema. Katika miaka ya 1840 forodha ya Unguja chini ya Seyyid Said ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia, ambaye ukoo wake ulitoka Kutch. Ila wafanyabiashara hao, ambao pwani iliwaita Mabanyani, walikuja peke yao. Desturi za matabaka yao zilikataza mwanamke wa heshima kuvuka bahari, hivyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mume alikaa Unguja miaka kadhaa na mke akabaki Kutch. Jambo hili wanahistoria wa biashara hulitaja kwa mstari mmoja na kuendelea na meno ya tembo na karafuu. Kwa mada yetu ndilo linaloamua mambo. Ibada ya mungu wa kike wa Gujarat, hasa ile ya kuimba na kucheza, ni kazi ya wanawake. Mwanamume peke yake aliweza kubeba picha, sanamu ndogo ya shaba na daftari la hesabu. Ngoma hakuweza kuibeba. Kwa hiyo sura ya kwanza ya mungu huyu kufika Afrika Mashariki ilikuwa ya biashara, na sura ya pili ilisubiri wake na mabinti.

Ziwani alifika kwa reli. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, na meli za ziwani zikaanza kuunganisha bandari za pande zote. Maduka yakafuata. Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo mitaani huchanganywa: si kila aliyeitwa Mhindi alikuwa Mhindu. Allidina Visram, mwenye maduka yaliyosambaa kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa Ismailia, yaani Mwislamu. Mafundi wengi wa reli walikuwa Masingasinga au Waislamu wa Punjab. Makarani wengi kutoka Goa walikuwa Wakatoliki. Wahindu, hasa wa jamii za Lohana na Patel, waliongezeka katika miji ya ziwa kadiri pamba ilivyopanuka, baadhi wakiwa na duka, baadhi wakinunua pamba, baadhi wakimiliki jineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba. Katika safu moja ya maduka palikuwa na picha ya Aga Khan huku, ya Guru Nanak kule, na ya Lakshmi katikati.

Sasa tuingie ndani ya jengo. Nyumba ya duka ya zamani katika miji ya Kanda ya Ziwa ina umbo ambalo macho yetu yamelizoea mpaka hatulioni tena. Mbele kuna baraza lenye nguzo, mahali pa fundi cherehani. Kisha duka lenye milango ya mbao inayokunjwa. Nyuma ya duka kuna ghala, kisha vyumba vya familia, kisha uani: jiko, tangi la maji ya mvua, vyoo, na ukuta mrefu unaozunguka vyote. Jengo hilo lina tabaka tatu, na mungu wa kike yumo katika kila tabaka kwa jina lingine na kwa kazi nyingine.

Mbele ni Lakshmi. Picha yake ya kalenda ina historia inayoeleweka: mchoraji Ravi Varma, aliyefariki mwaka 1906, alianzisha kiwanda cha uchapaji Bombay mwaka 1894, na picha zake za rangi za Lakshmi na Saraswati zikaingia katika nyumba za watu wasioweza kumiliki sanamu. Wachapaji wa baadaye walimwiga, na ile sura ya mama mwenye uso wa upole, sari ya kifahari na yungiyungi ikawa ndiyo sura yenyewe. Picha hiyo ilisafiri kwa urahisi kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, na kila mwaka ilikuja mpya.

Siku ya Lakshmi dukani ni Diwali, sikukuu ya taa, ambayo huangukia Oktoba au Novemba. Duka huoshwa. Vitabu vipya vya hesabu, virefu, vyenye jalada la kitambaa chekundu, huwekwa juu ya meza safi. Ukurasa wa kwanza hauandikwi deni wala mauzo. Huandikwa kwanza neno la baraka, Shri, mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu, hivyo hivyo mpaka maneno yaunde umbo la piramidi. Juu ya ukurasa huwekwa sarafu, tambuu, popoo, punje za mchele na poda nyekundu. Mwenye duka na wanawe hukaa mbele ya kitabu kama vile watu wanavyokaa mbele ya altare. Baada ya hapo ndipo mwaka wa biashara unapoanza. Lakshmi na Saraswati, mungu wa elimu, huitwa pamoja katika ibada hii, kwa kuwa hesabu inahitaji mali na maandishi.

Tabaka la kati ni la nyumba. Kwenye rafu au kabati dogo, mara nyingi karibu na jiko, hukaa miungu ya familia, pamoja na mama wa ukoo. Kila ukoo una wake, na bibi harusi huhama kutoka kwa mama wa kwao kwenda kwa mama wa ukweni. Kila asubuhi taa ya samli huwashwa pale, na anayeiwasha kwa kawaida ni mama mwenye nyumba. Hapa hakuna cha kuonyesha mgeni, na kwa hiyo sitakaa sana.

Uani ndiko kwenye utajiri. Kwa usiku tisa wa Navaratri, Septemba au Oktoba, wanawake huweka katikati ya uwanja chungu cha udongo kilichotobolewa matundu pande zote, na ndani yake huwasha taa. Mwanga hutoka kwa vitone vinavyotembea ukutani na kwenye nguo. Chungu ndicho mama mwenyewe, na taa ni uhai ulio tumboni mwake. Wanawake hukizunguka kwa duara, wakiinama kidogo kila hatua, wakipiga makofi, na mmoja huanzisha wimbo wengine wakaitikia. Ngoma hiyo ni garba. Mwanzoni mwa usiku mwendo ni wa pole. Unavyosonga, mapigo hukaza, duara huwa mawili, matatu, na sari zikapepea. Baadaye vijana huingia na vijiti vya dandiya, ambavyo asili yake ni hadithi za Krishna, lakini duara la mama ndilo la kwanza. Siku hizo tisa ni za vita ya mama, hapa akiitwa Durga, na Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati ambalo hakuna mungu wa kiume aliyeweza kulishinda. Mama akalichoma mkuki, na siku ya kumi ni ya ushindi. Anayeishi pembezoni mwa Serengeti hahitaji kuelezwa nyati aliyejeruhiwa ni kitu gani.

Nyimbo za garba hazisemi vita tu. Zinasema habari za mkwe na mamamkwe, za mume aliyekwenda ng'ambo, za maji ya kisimani, za mama anayeshuka mlimani kuja kucheza na binti zake. Wazo hili la mwisho limezaa hadithi yenye uzito wa kihistoria. Huko Champaner, chini ya mlima Pavagadh ulio na hekalu la Kalika kileleni, husimuliwa kwamba mungu mwenyewe aliteremka usiku wa Navaratri akajiunga na duara kwa sura ya mwanamke wa kawaida. Mfalme Patai akamtamani, akashika vazi lake. Mama akamlaani, na ufalme ukaanguka. Kwa upande wa historia, Champaner ilitekwa na Sultani Mahmud Begada mwaka 1484, na magofu yake pamoja na mahekalu na misikiti ya mlima huo yakaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Historia inaeleza kuanguka kwa mji kwa mizinga na kuzingirwa. Hadithi ya wanawake inaeleza kwa kosa la mtawala aliyevunja heshima ya duara la ngoma. Mimi naona hadithi hiyo ni hukumu ya kisiasa iliyotolewa na wasioruhusiwa kuandika tarehe.

Katika utamaduni huohuo mama amekuwa pia mali ya waliokataliwa. Mchezo wa kuigiza wa Gujarat uitwao bhavai, ambao mapokeo yanaunasibisha na Asaita Thakar wa karne ya 14, hufunguliwa kwa kumsifu mungu wa kike na kwa asili uliigizwa kwenye viwanja vya mahekalu yake. Asaita alifukuzwa na tabaka lake la Kibrahmani kwa kula pamoja na watu wa tabaka la chini ili kumwokoa binti mmoja. Na jamii ya Wavaghari, ambao milango ya mahekalu ilifungwa mbele yao, walijichorea hekalu lao la kitambaa: pazia jekundu na jeusi, mama katikati amepanda mnyama wake, na pembeni nguzo na matao yamechorwa kama ya jengo la mawe. Huitwa mata ni pachedi. Ukilitundika penye vijiti vinne, umejenga hekalu, ukilikunja, umelihamisha.

Chungu, kalenda, kitambaa, daftari, wimbo: vyote ni vitu vya kubebeka. Dini ya mama wa Gujarat ilikuwa imejiandaa kwa safari hata kabla ya meli ya kwanza, na hilo linaeleza kwa nini anayemtafuta kwenye mahekalu makubwa ya Afrika Mashariki hamwoni sawasawa. Mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam una mahekalu yaliyokaribiana mpaka watu huuita mtaa wa mahekalu. Mji Mkongwe, Unguja, kuna hekalu la Hurumzi ambalo jina lake linamtaja Shiva pamoja na Shakti, nguvu ya kike. Nairobi kuna hekalu la Swaminarayan lililozinduliwa mwaka 1999, lililojengwa kwa mawe yaliyochongwa India. Ni kazi za mikono zinazostahili heshima. Lakini ingia ndani utazame nafasi za sanamu: katika mengi ya majengo haya, mungu wa kike amesimama kando ya mumewe. Sita yuko na Rama, Radha na Krishna, Parvati na Shiva. Penye jiwe amekuwa mke. Penye chungu ni mwenye enzi peke yake. Mtafiti anayeandika historia ya Uhindu wa Afrika Mashariki kwa kuhesabu mahekalu anaandika historia ya wanaume waliochanga fedha.

Hadi hapa nimesimama upande wa nyumba. Lazima nisimame pia upande wa mteja, maana mimi ni mtu wa Mara na historia hii ina uchungu wake. Mkulima wa pamba alimjua Lakshmi kupitia kitabu chekundu ambamo deni lake liliandikwa kwa herufi asizozijua, na kupitia mizani aliyokuwa hana imani nayo. Manung'uniko kuhusu mizani ya wanunuzi wa pamba ndiyo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa kujiunga. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, alikuwa kiongozi wao, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilipoundwa mwaka 1955 lilichukua hatua kwa hatua ununuzi na hata jineri kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Halafu likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1971 sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Zikawa nyumba za Msajili. Wenye nyumba wengi walihama: Dar es Salaam, Nairobi, Uingereza, Canada. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka.

Sioni sababu ya kumfanya mungu mtuhumiwa wa makosa ya mizani. Naona sababu ya kueleza kwa nini kumbukumbu yetu imekuwa nyembamba. Mkulima aliruhusiwa kufika kaunta. Aliona picha ya mali, akaona mali inakwenda upande mmoja, akahitimisha kwamba mungu yule ni wa kuvuta pesa. Duara la wanawake, taa ndani ya chungu, wimbo unaomlaumu mfalme mwenye tamaa: vyote vilikuwa hatua thelathini nyuma ya kaunta ileile, nyuma ya ukuta. Jengo lilitenga watu, na mgawanyo wa rangi wa kikoloni ulilipa jengo hilo nguvu ya sheria. Wimbo dhidi ya mwenye nguvu anayejitwalia kisicho chake ungeweza kueleweka vizuri sana na mtu aliyekuwa amesimama barazani.

Kulinganisha na kwingine kunasaidia. Huko Kongo, katika miji ya Katanga inayosema Kiswahili, wachoraji wa mitaani wa miaka ya 1970 waliuza sana picha ya Mamba Muntu: mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, ameshika nyoka, anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri. Ni ndugu wa Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye sura yake maarufu ilitokana na picha ya mwanamke mcheza-nyoka iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880 na kuchapwa upya Bombay mwaka 1955 kwa ajili ya soko la Afrika. Kule Togo na Benin waumini wa Mami Wata walikwenda mbali zaidi, wakaweka picha za Lakshmi na miungu mingine ya Kihindu kwenye madhabahu yao na kuzipa maana mpya. Kwetu halikutokea jambo la namna hiyo kwa upana huo. Nadhani sababu ni kwamba kule picha zilifika zaidi kama bidhaa ya soko, kila mnunuzi akaipa maana yake. Ziwani Victoria picha ilikuja na mwenyewe, akaitundika upande wake wa kaunta, na ikabaki yake.

Mfano wa kinyume uko India yenyewe. Gujarat ina jamii ya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wazao wa mabaharia, askari na watumwa waliovushwa bahari hii hii. Ni Waislamu. Karibu na Bharuch, kilimani Ratanpor, kuna kaburi la mtakatifu wao Bava Gor, na pamoja naye dada yake Mai Mishra. Mapokeo yao yanasema kilima hicho kilikuwa chini ya jini la kike lililowatesa watu. Bava Gor alikuja kulishinda, ila haikuwa sawa mwanamume kupigana na mwanamke, ndipo Mai Mishra akafika na kulididimiza ardhini. Wanawake wa Kihindu na wa Kiislamu huenda kwake kuomba watoto. Ngoma yao huitwa goma, na njuga ya kifuu cha nazi wanayoitikisa imepewa jina la Mai Mishra. Mwanamke wa asili ya Afrika ameketi mahali pa mungu wa kike, katika nchi ya miungu wa kike, na wenyeji wanampelekea nazi. Wasidi waliweza hilo kwa sababu kaburi lao liko wazi kwa kila mtu na ngoma yao huchezwa mbele ya watu. Uani wetu ulikuwa umefungwa.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Tarehe 6 Desemba 2023 UNESCO iliiandikisha garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kikao kilichopitisha uamuzi huo kilifanyika Kasane, Botswana, kwenye ardhi ya Afrika, ila faili lilikuwa la India na linahusu Gujarat. Garba iliyochezwa miaka mingi Kampala, Mwanza au Kisumu, ambayo baadaye Waasia waliofukuzwa Uganda waliibeba hadi Leicester, haina faili. Kwa upande wa majengo, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Waziri anaweza kutangaza jengo jipya zaidi kuwa la kulindwa, lakini lazima mtu alipendekeze. Nyumba ya duka ya Musoma ya miaka ya 1920 au 1930 haina mlango wa nakshi kama wa Unguja, na umri wake hauifikishi kwenye ulinzi wa sheria. Inabomolewa, ghorofa la vioo linapanda, na hakuna aliyevunja sheria yoyote.

Ningependekeza halmashauri ya mji ichore ramani za ndani za nyumba chache zilizobaki kabla hazijaguswa, na iziwekee alama tabaka tatu nilizozieleza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Ardhi wangeifanya kwa likizo moja. Halafu watu. Familia nyingi zimehama, lakini waliofanya kazi katika nyumba hizo wako hapa hapa: mayaya, wapishi, walinzi, mafundi cherehani wa barazani, wengi wao Wajita, Wakwaya, Wakurya na Wazanaki. Hao ndio watu wetu pekee waliovuka kaunta. Wao ndio waliochota maji ya kuoshea uwanja kabla ya Navaratri na kufagia poda nyekundu asubuhi. Baadhi bado wanaweza kuonyesha kwa mkono mahali chungu kilipowekwa, mama mwenye nyumba aliposimama kuanzisha wimbo, na kama lango la nyuma lilifungwa usiku ule au liliachwa wazi kwa watoto wa jirani. Wamezeeka, na maswali haya wanapaswa kuulizwa kwa Kijita na kwa Kiswahili, wakiwa wamekaa vizuri, na mtu mwenye kinasa sauti na muda.